Akamwani Isiyonuka Moshi

Kwetu Maruku, Bukoba, mgeni haanzi na maji wala chai. Anaanza na akamwani, ile kahawa ya kutafuna: buni zilizochumwa kabla hazijaiva sana, zikachemshwa na majani ya harufu, zikaanikwa mpaka zinalia ukitikisa kikapu. Unamfungulia mfuniko, anachukua mbili tatu, anatia mdomoni, ndipo mnaulizana habari za huko alikotoka. Ukimnyima hiyo, hata kama umemchinjia mbuzi, atakwenda kusema hakupokelewa.

Na akamwani ya shughuli, kijijini kwetu, ilichukuliwa kwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Mtu akiwa na posa, akiwa na arusi, akiwa na matanga, alimtuma mtu kwangu na kikapu kitupu. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba. Majani ninayotia kwenye sufuria ni mchaichai na mengine mawili ambayo sitayataja, maana hata mkamwana wangu sijamwambia. Shule niliisoma kidogo tu, lakini watu siwasahau. Wote waliokuja kuchukua kahawa nawakumbuka, majina yao na ya mama zao, na nani alimposa nani kwa kikapu changu. Humu sitaandika jina la mtu. Wengi wangali hai na hawajaniomba niwaandike.

Bibi huyohuyo ndiye aliyenizoesha kiko. Nilipokuwa binti mdogo kazi yangu ilikuwa kumwashia: unachukua kaa la moto jikoni, unaliweka juu ya tumbaku, unavuta mara moja tumbaku ishike, unampelekea. Hiyo mara moja ikawa mbili, ikawa tatu. Nilipoolewa nilikwenda na kiko changu na hakuna aliyeshangaa. Wakati ule mama mtu mzima kuvuta kiko huku kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama kufunga kitenge. Nilivuta nikipalia kibanja, shamba langu la migomba, nilivuta nikimenya ndizi, na zaidi ya yote nilivuta nikichemsha kahawa. Sufuria ya akamwani haitaki haraka. Unakaa nayo, unasogeza kuni, unageuza, unasubiri, na mdomo ukiwa mtupu kusubiri kunakuwa kurefu.

Basi mjukuu wangu, binti mkubwa wa mwanangu anayekaa Rwamishenye, akapata mchumba. Kijana wa Muleba, mwalimu, mtu wa watu. Ndugu zake wakaja kwetu kujitambulisha, na pamoja nao alikuja bibi yake, mama mrefu mwembamba wa umri wangu, mgongo umenyooka kama hajawahi kushika jembe, ingawa mikono yake ilionyesha amelishika sana. Nikampelekea kikapu mwenyewe. Akachukua buni mbili. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatoa leso kwenye kwapa la blauzi, akaitema humo kahawa yangu taratibu bila kelele, akaikunja leso akairudisha.

Alikuwa na adabu zake. Lakini mimi nilimwona, na mkamwana wangu, mama wa binti, alimwona pia.

Wageni walipoondoka tukawa tunaosha vyombo.

"Mama, usikasirike," mkamwana akaniambia.

"Ukianza hivyo nitakasirika. Sema."

"Akamwani inanuka tumbaku."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

Nikaweka sahani chini. "Na miaka yote hiyo umenyamaza?"

"Jamani waitu, wewe ni mama mkwe. Ningeanzia wapi?"

Nikamwambia bibi yule wa Muleba pengine ana meno mabovu. Mkamwana akaendelea kusugua sufuria. Akasema siku ya mahari atanunua akamwani mjini Bukoba, ile inayouzwa imefungwa vizuri kwenye maganda ya mgomba, ili tusijiaibishe. "Mtu aliyetema siku ya kujitambulisha," akasema, "siku ya mahari atatema nini?"

Sikulala vizuri kwa neno hilo. Kahawa ya dukani, kwenye mahari ya mjukuu wangu, ndani ya nyumba yangu, nami nipo hai nimekaa natazama! Watu ambao nimewachemshia kahawa wao na watoto wao wangeona kikapu na wangejua mara moja kuwa si changu.

Nikafungua kikapu nikanusa. Kahawa. Nikamwita jirani yangu, mjane mwenzangu, ambaye tumevuta kiko pamoja jioni nyingi kuliko nywele zetu. Naye akanusa. "Kahawa," akasema. Nikamwita mjukuu. Hakuinama hata kidogo juu ya kikapu.

"Bibi, hata kile kitabu cha sala ulichoniazima kinanuka. Nilikianika juani, bado kinanuka."

Hapo nikaelewa, tena nikajishangaa. Kahawa inaiba harufu, hilo nililijua kabla sijajua kusuka mkeka. Bibi yangu hakuruhusu dagaa wala sabuni karibu na buni zinazokauka. Mimi mwenyewe nimewafukuza wauza dagaa uani mara nyingi. Kisha nilirudi kugeuza buni kwa vidole vilivyotoka kushindilia kiko.

Nikasema basi, naacha. Nilikuwa nimeshapita mambo magumu kuliko hilo. Nikakitundika kiko kwenye msumari. Mikono ikakosa kazi, nikaanza kuwagombeza kuku. Nikatafuna akamwani badala ya kuvuta, nikatafuna mpaka moyo ukapiga kama ngoma za arusi na usingizi ukahamia kwa majirani. Kabla wiki haijaisha kiko kilikuwa mdomoni tena, na mimi nikijiambia ni mara ya mwisho huku nikijaza cha kesho.

Mwanangu ndiye aliyenitoa hapo, baba yake binti. Anaendesha lori, na toka ujana wake alikuwa mtu wa sigara. Nilikuwa nikimgombeza kwa hizo sigara, kiko kikiwa mdomoni mwangu. Siku moja akarudi kutoka Mwanza, akanikalisha, akatoa mfukoni kitu cheusi chembamba.

"Mama, hii ndiyo iliyonitoa mimi."

"Hii kalamu?"

"Ni sigara ya umeme. Ina betri na ina maji. Ukivuta inapasha yale maji, unapata mvuke. Hakuna tumbaku inayoungua."

"Na ile kiu?"

"Ndani ya maji kuna nikotini, ndiyo unayoililia. Unaanza na maji makali, unashuka kwenye mepesi, mwisho unavuta maji matupu, kisha unachoka mwenyewe."

"Kwa hiyo unanipa sumu ndogo niache sumu kubwa."

"Ndiyo, mama. Sikudanganyi kuwa ni pipi. Na hii chupa ya maji yake, mtoto akiinywa ni hospitali. Iweke mbali."

Nilipenda kwamba hakunidanganya. Nikaipokea.

Jirani yangu alipokuja jioni akanikuta nimekaa barazani navuta. Akasimama, mikono kiunoni.

"Mawe, mama wee! Leo unanyonya kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Ni sigara ya wasomi hii."

"Na moto wake uko wapi?"

"Kwenye sola, juu ya bati."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyoosha mkono, maana sisi hatujawahi kunyimana. Akavuta, akasikiliza kifuani mwake, akanirudishia. "Ni kama kusimuliwa chakula," akasema, akawasha kiko chake.

Hakukosea sana. Mwanzoni ni kusimuliwa. Kiko kina uzito mkononi, kina joto, kina kazi: kukwangua, kujaza, kushindilia. Ile kalamu haina kazi yoyote. Mara ngapi nimebonyeza mdomo wake kwa kidole gumba kana kwamba kuna tumbaku ya kushindilia! Siku nyingine nikaigonga kwenye figa kumwaga majivu ambayo hayamo, ikapasuka, mwanangu akalazimika kuniletea nyingine. Lakini kiu ilikata. Hilo ndilo nililolitaka. Nilichemsha ndizi zangu bila kugombana na mtu, na kiko kikabaki kwenye msumari.

Nikafanya usafi ambao nyumba ile haijawahi kuuona. Nikatoa nyasi zote za sakafuni nikatandaza mpya. Nikaanika magodoro, nikafua mablanketi, vikapu vya zamani nikavichoma, nikasuka vipya. Na pua ikaanza kurudi. Alasiri moja nimekaa ndani nikasikia harufu nzito ya moshi mkavu, nikageuka kutazama jikoni kama kuna kinachoungua. Hakuna. Mara nikasikia hodi. Ni jirani yangu. Nilikuwa nimemnusa kabla hajafika mlangoni. Nikamkaribisha vizuri, lakini moyoni nikasema: kumbe ndivyo nilivyokuwa mimi, na watu walinipokea tu.

Msimu wa kahawa ukafika. Nikachuma buni zangu mwenyewe, za miti ya nyuma ya nyumba, nikachemsha, nikaanika. Zilitoka nzuri. Nikamtumia mkamwana salamu kwamba asinunue kitu mjini. Nikaziweka kwenye kikapu kipya, nikakifunika, nikakiweka juu ya kabati chumbani kungoja siku.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwa sisi wanawake wa zamani, tumbaku ilikaa ndani ya kikapu cha kahawa. Bibi yangu alifanya hivyo, mama mkwe wangu alifanya hivyo. Vyote viwili ni vitu vya heshima, mgeni akija unafungua kikapu kimoja, anayetafuna atafune, anayevuta avute. Mwanangu aliposema chupa iwekwe mbali na watoto, mkono wangu ulijua pa kuiweka bila kuniuliza. Niliichomeka katikati ya buni, juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mtoto angefika. Nikaona nimefanya kazi nzuri.

Mfuniko wa chupa haukukaza.

Mjukuu wangu alikuja Jumapili baada ya misa kuona kahawa ya mahari yake. Nikashusha kikapu. Nikafungua, na safari hii sikuhitaji mtu wa kuninusia. Harufu ilinipiga usoni.

"Bibi," akasema binti, "inanuka dawa ya meno."

Yale maji yalikuwa ya mnanaa. Chupa ilikuwa imelala ubavu, imemwaga karibu yote, na buni zilikuwa zimekunywa kila tone. Binti akasema labda tukizianika tena. Nikamwambia hapana. Nilikumbuka neno la baba yake, mtoto akiinywa ni hospitali. Je, nimpe mkwe atafune? Tukachimba shimo refu mwisho wa kibanja, tukazika zote na kikapu chake, hata kuku wasizifikie. Binti alichimba akilia kidogo. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno.

Mkamwana akapiga simu. "Basi mama, pumzika. Umejitahidi. Nitanunua."

"Nunua ukitaka," nikamwambia, "uiweke kwenye mkoba wako. Kikapu kitakuwa na kahawa yangu."

"Lakini msimu unaisha, mama."

"Mkoba wako, kikapu changu." Nikakata simu.

Siku hiyo kiko kilinisumbua. Maji yamemwagika, mwanangu yuko safarini, na mimi nina hasira ya kuvutia kiko kizima. Nikakishusha kwenye msumari. Tumbaku haikosekani kijijini, jirani anayo. Nikakileta karibu na mdomo, na kabla hakijafika nikakisikia. Mawe! Kilinuka kama chungu kilichounguziwa maharage kisha kikafunikwa mwaka. Kitu hicho nilikiweka mdomoni kutoka usichana wangu mpaka uzee. Nikavuka mpaka wa kibanja nikampelekea jirani yangu.

"Chukua, nakupa."

Akakigeuza geuza. "Cha nini? Kimejaa mate yako." Lakini alikichukua, akakiweka kwenye aproni, na akaniuliza kahawa imekuwaje. Nikamweleza. Hakucheka, na yeye kutocheka si jambo dogo.

"Miti yangu ya bondeni imechelewa," akasema. "Bado ina buni mbichi. Twende."

Tukachuma pamoja mpaka jua likaelemea, mti huu kikapu nusu, ule kiganja tu. Zikatosha. Lakini nikampa sharti moja, na lilikuwa gumu kwangu kulisema: asije uani kwangu mpaka kahawa ikauke. Akanitazama. Nilidhani ataninunia.

"Nikae wapi basi?"

"Mpakani. Upande ambao upepo unakwenda kwako."

Na ndivyo tulivyofanya. Yeye kwenye kigoda chake mpakani, kiko mdomoni, mimi uani nageuza buni, tukazungumza kwa kupaza sauti. Habari zetu zote zilisikika mpaka barabarani. Wapita njia walikuwa wakituchangia maneno.

Mwanangu akaleta maji mengine, mepesi, yasiyo na harufu yoyote. Nikajiwekea sheria: kalamu haiingii nyumbani, haikaribii sufuria, inakaa kwenye tundu la mgomba ulioanguka kule mwisho wa kibanja, chupa yake imefungwa ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza. Nikitaka kuvuta, niende huko, nivute, ninawe mikono kwa majivu, nirudi. Kwa miguu yangu hii! Mwanzoni nilikwenda, narudi, nakwenda. Kisha nikawa nasema nitakwenda nikimaliza kugeuza buni za mkeka huu. Nikimaliza, nasema nitakwenda wingu likipita. Uvivu ulinisaidia kuliko ushujaa. Siku moja nikaenda nikakuta betri imekufa, na sikukumbuka ilikufa lini. Niliirudisha kwa mwanangu. Akaniuliza kama nataka ile ya maji matupu, ya kumalizia. Nikamwambia maji matupu ninayo kisimani.

Siwaambii wenye umri wangu kwamba ni rahisi, wala kwamba kalamu ile ni dawa. Wapo walioipata wakabaki nayo, wakawa na vitu viwili badala ya kimoja. Nasema tu kwamba mimi ilinivusha, na nilipovuka niliiacha ng'ambo.

Siku ya mahari ikafika. Uani kumejaa viti, mahema, watu wa Muleba kwa mavazi yao mazuri. Nikavaa kanzu yangu ya sherehe, nikachukua kikapu, nikaenda moja kwa moja kwa yule bibi. Nikapiga goti, nikafungua mfuniko. Mkamwana wangu alikuwa ameketi nyuma yake, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama kuku anayeweza kuruka. Nilijua ndani yake kuna nini.

Bibi wa Muleba akanisalimia vizuri. Akachukua buni moja, moja tu. Na leso nikaiona, tayari iko kiganjani mwa mkono wa kushoto.

Akatia mdomoni. Akatafuna. Mimi bado nimepiga goti, na magoti yangu si ya kukaa hivyo muda mrefu. Akaendelea kutafuna. Akatazama ndani ya kikapu, kisha akanitazama mimi, kisha ile leso akairudisha kwapani. Akanyoosha mkono akachukua tatu.

"Kikapu kikae hapa," akasema.

Nikakiacha karibu na mguu wake. Wanaume wakaendelea na maneno yao marefu, huyu kasimama, yule kasimama, ng'ombe hawa, mablanketi yale, na wakati wote nikaona mkono mwembamba unashuka kwenye kikapu, unapanda, unashuka. Watu wengine nao wakakifuata hapo. Jirani yangu, aliyekaa mbali kabisa kwa hiari yake, akaniinulia nyusi. Kabla maneno ya mahari hayajaisha, kikapu kilikuwa kitupu.

"Akamwani!" mshenga akaita. "Wazee hawana kitu mdomoni!"

Mkamwana akanitazama. Nikamwashiria: haya, fungua. Akafungua mkoba, akachana maganda ya mgomba, akaimimina kahawa ya mjini ndani ya kikapu changu. Ilikuwa safi kwa macho, siwezi kusema uongo.

Bibi wa Muleba akanyoosha mkono bila kutazama, kama mtu aliyezoea. Akatia mdomoni. Akatafuna kidogo, akaacha. Leso ikatoka kwapani, ikapanda mdomoni, ikakunjwa.

Akaniinamia sikioni. "Waitu, bibi mwenzangu. Ile ya mwanzo imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Miti ndiyo imeishia hapo."

Akatikisa kichwa, akasogeza kikapu kwa ncha ya kiatu kuelekea kwa mkamwana wangu.

"Haya," akasema. "Mimi nitasubiri ya arusi."